Runinga ya HD nyumbani Mombasa: anzia kazi juu ya paa

Mama yangu alitazama runinga mpya ya inchi 43 kwa miezi saba bila kuona HD, ile picha kali ya mistari 720 au 1080, hata dakika moja. Kifurushi cha HD kilikuwa kikilipwa kila mwezi, king'amuzi kilikuwa cha HD, na kwenye pembe ya runinga kulikuwa na kibandiko cha Full HD ambacho alikataa kibanduliwe. Siku niliyokwenda kumjulia hali Kibokoni nilichungulia nyuma ya kabati nikakuta zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Fundi alizikuta ndani ya boksi, akazichomeka, akachukua ujira wake akaenda zake. Ule wa njano hubeba picha ya kizamani ya mistari 576, haujui HD. Nikautoa, nikaweka kebo ya HDMI, ule waya mmoja unaobeba picha ya HD pamoja na sauti, nikabadilisha mpangilio mmoja kwenye king'amuzi. Mama akaniuliza: "Umeniletea TV nyingine, mwanangu?"

Tangu hapo kila jamaa anayenunua runinga hunipigia simu, nami nimeshapanda mapaa ya kutosha, kuanzia Mji wa Kale hadi Mikindani na Bamburi, nikajua shida zetu ziko wapi. Picha ya HD hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye kioo: chanzo, dishi au antena, waya, king'amuzi, kebo ya HDMI, mipangilio. Mmoja wao akilegea, wote wamelegea. Na hapa Mombasa anayelegea kwanza ni yule aliye juu ya paa, kwa sababu ya chumvi. Ndiyo maana nasema fedha yako ya kwanza ipande juu, ya sebuleni ifuate.

Kwanza amua picha itatoka wapi

Njia ni tatu. Ya kwanza ni antena ya kawaida kwa stesheni za bure: KBC, Citizen, NTV, KTN na nyinginezo. Matangazo ya analogi yalizimwa huku kwetu mwanzoni mwa 2015, na tangu hapo mfumo wa Kenya ni DVB-T2, yaani matangazo ya kidijitali ya antena ya kizazi cha pili. Runinga nyingi zinazouzwa sasa zina kipokezi cha T2 ndani yake, kwa hiyo huhitaji king'amuzi chochote kwa stesheni hizi. Kabla ya kununua, muulize muuzaji akuonyeshe neno T2 kwenye boksi au kwenye menyu ya runinga. Neno DVB-T peke yake halitoshi, hicho ni kizazi cha kwanza. GOtv na StarTimes ya antena nazo hupita njia hiyohiyo ya hewani, ila zinataka king'amuzi chao na malipo.

Ya pili ni dishi: DStv, Azam, StarTimes ya setilaiti. Hapa ndipo wapenda mpira wengi wanapoishia. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili. King'amuzi ni cha HD? Na chaneli ninazozitaka zinatoka kwa HD katika kifurushi hiki? Si kila chaneli ni ya HD, na king'amuzi kizuri hakiwezi kuzalisha mistari ambayo stesheni haikuituma.

Ya tatu ni intaneti. Nitaifikia baadaye.

Runinga yenyewe

Sitakaa sana hapa. "HD Ready" kwa kawaida maana yake ni nukta 1280 kwa 720 au zaidi kidogo, "Full HD" ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Linalosahaulika ni umbali wa kukaa. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 hivi, na jicho zima huziona nukta zote za Full HD likiwa kama mita 1.7 kutoka kwenye kioo. Ukikaa mita 4, tofauti ya 720 na 1080 hutaiona, na 4K ndiyo kabisa. Pima kutoka kwenye kochi hadi ukutani kabla hujatoka kwenda dukani. Sebule zetu nyingi ni nyembamba na ndefu, basi sogeza kochi au nunua kioo kikubwa zaidi chenye Full HD ya kweli, badala ya kulipia 4K ndogo.

Kuhusu ukuta: nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki skrubu vizuri. Chokaa hutoka unga, na kishikizo hubaki kikining'inia. Kama ukuta wako ni huo, weka runinga juu ya kabati imara. Ukishikilia kuitundika, toboa ndani ya jiwe lenyewe, usitoboe kwenye maungio, na utumie bolti ndefu za kupanuka. Wala usiiweke mkabala na dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Chumvi ile inayotia kutu mabawaba ya mlango huingia pia kwenye matundu ya nyuma ya runinga.

Nenda dukani na sumaku

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, na halina gharama. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandikia karatasi kwenye friji, uende nayo dukani.

Iguse kwenye dishi. Ikinata, dishi ni la bati la chuma lililopakwa rangi. Rangi ikichubuka mahali pamoja tu, kutu huanzia hapo, na ukikaa karibu na bahari utaliona limetoboka mapema mno. Isiponata, ni la alumini. Chukua la alumini ukilipata.

Kisha mwombe muuzaji akukatie ncha ya waya wa dishi umenye hadi kiini. Sumaku ikinata kwenye kiini, kile ni chuma kilichopakwa shaba juujuu. Kwa mwenzetu wa bara huenda kikadumu. Kwako maji ya chumvi yakishapata upenyo, shaba ile nyembamba huisha na chuma hubaki kikioza. Tafuta RG6 ya omu 75 yenye kiini cha shaba tupu na suka nzito, ule wavu wa nyuzi nyembamba, nje ya karatasi ya fedha. Ina bei zaidi, najua, lakini mita 20 au 25 huzitosha nyumba nyingi. Jitahidi usizidi mita 30, kwa sababu mawimbi hupungua nguvu kila mita.

Nunua pia: konekta za F (vile vichwa vya kuungia waya wa dishi) za kusokota au za kubana zenye mpira ndani, tepu ya mpira ile inayovutwa ikajigandamiza yenyewe bila gundi, bolti za chuma kisichoshika kutu, grisi kidogo, na kebo ya HDMI. Ya HDMI isikusumbue. Kwa 1080 na urefu wa mita 2, ya bei ya wastani inafanya kazi sawa na ya bei kali.

Kufunga dishi

Chagua asubuhi isiyo na upepo mkali. Mabati yenye umande huteleza, na nyaya za stima katika mitaa mingi zimepita karibu na mapaa kiasi cha kuguswa na mlingoti wa dishi. Ukiona waya uko karibu kuliko urefu wa mlingoti wako, hama upande mwingine wa paa. Asipande mtu peke yake.

Wakazi wa Mji wa Kale mkumbuke kwamba eneo hilo ni la hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Dishi halikai kwenye roshani ya nakshi inayotazama barabarani. Lipeleke nyuma au juu ya paa, na ulizia kwanza kabla ya kutoboa ukuta wa nje.

Sasa mwelekeo. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, hasa wakifuata maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Setilaiti zote za runinga zimekaa juu ya ikweta, yapata kilomita 35,800 kutoka ardhini, na Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya ikweta. Setilaiti ya DStv iko digrii 36 mashariki, nasi tuko karibu digrii 40 mashariki. Maana yake iko karibu utosini mwetu: kimo chake angani ni kama digrii 84, ikiinamia kidogo kaskazini magharibi. Dishi la DStv hapa hutazama mawingu. Bamba lenyewe halitalala chali kabisa, kwa sababu LNB, lile jicho la mbele, limekaa upande wa chini na mawimbi huingia kwa mshazari. Faida yake ni kwamba mnazi wa jirani haukusumbui ila ukiwa umekuinamia.

Azam iko digrii 7 mashariki. Kwetu hiyo ni magharibi kabisa, kwa kimo cha digrii 52 hivi. Hapo minazi, miembe na ghorofa ya jirani vinahesabika. Simama pale unapotaka kufunga, elekea linakozama jua, inua macho zaidi kidogo ya nusu ya kutoka upeo hadi utosini. Ukiona majani badala ya anga, tafuta mahali pengine, na ukumbuke kwamba mwembe hukua.

Mlingoti usimame wima kwelikweli. Tumia pimamaji, usitegemee jicho, maana mlingoti ukiinama vipimo vyote vinavyofuata vinapotea. Funga dishi, kaza bolti nusu, unganisha waya na LNB wakati king'amuzi kimezimwa ukutani. Mle ndani ya waya mna umeme wa volti 13 au 18 unaokwenda kuilisha LNB, na ukigusanisha kiini na suka wakati umewashwa unaweza kuunguza king'amuzi.

Kisha washa, na mmoja abaki sebuleni kwenye ukurasa wa mawimbi. Mtaona mistari miwili, nguvu na ubora. Ufuateni ubora. Nguvu inaweza kujaa hata dishi likitazama setilaiti isiyo yenu. Sogeza dishi kidogo mno, ngoja sekunde tatu nne, sogeza tena. Kosa la digrii 1 hapa chini ni zaidi ya kilomita 600 kule juu. Mkishaupata ubora, zungusha LNB yenyewe ndani ya kishikio chake, taratibu, mpaka ubora ufike juu kabisa. Huku karibu na ikweta LNB huzungushwa sana, haikai wima kama kwenye michoro ya vijitabu, na fundi asiyejua hili huacha ubora wa bure juu ya paa. Kaza bolti moja moja huku mwenzako akiangalia mstari, kwa sababu kukaza nako huvuta dishi.

Usiridhike na ubora unaotosha tu siku ya jua. Mvua ya masika hula mawimbi haya, na unahitaji akiba.

Kuziba maungio

Nimekuta dishi zuri, waya mzuri, na picha inayokatika, zaidi ya mara kumi, na chanzo kikawa ni konekta moja iliyoachwa wazi. Fikiria kinachotokea pale. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Vikiingia kwenye konekta, na umeme ule wa volti 18 ukiwa unapita, shaba huliwa haraka kuliko ambavyo ingeliwa na chumvi peke yake. Ukifungua unakuta unga wa kijani. Kisha maji hunyonywa ndani ya suka na kushuka nayo mita kwa mita hadi ndani ya nyumba, na hapo waya wote umekwisha.

Kwa hiyo: menya ncha vizuri bila kuacha uzi wa suka uguse kiini, sokota konekta hadi mwisho, tia grisi kidogo kwenye nyuzi zake, ikaze kwenye LNB, halafu vuta ile tepu ya mpira uizungushe kuanzia kwenye waya kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mpaka konekta isionekane. Tepu nyeusi ya umeme haifai kuwa peke yake, jua letu huifungua kabla mwaka haujaisha. Mahali waya unapoingia ukutani, uache uning'inie kama kitanzi chini ya tundu ndipo upande kuingia, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kitanzi yasifuate waya hadi sebuleni. Bolti nazo zipake grisi. Utanishukuru siku utakapotaka kuzifungua.

Kama ni antena

Kazi ni nyepesi. Antena ya UHF ya nje, juu iwezekanavyo. Tazama antena za majirani wanaopata picha safi zinaelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama, uige. Kisha fanya utafutaji wa chaneli kwenye runinga, uchague Kenya kama nchi na DVB-T2 kama mfumo. Antena ya ndani inaweza kutosha ukiwa ghorofa ya juu, lakini ndani ya kuta za matumbawe zenye unene wa nusu mita usipoteze fedha. Kile kikuza mawimbi wanachopenda kuuza kiache dukani kwanza. Hukuza na kelele pia, na antena iliyoinuliwa mita mbili zaidi mara nyingi hufanya kazi nzuri kuliko hicho.

Ndani ya nyumba, dakika kumi zilizomponza mama

Chomeka HDMI kutoka king'amuzi hadi runinga na uangalie namba ya tundu, kisha kwa rimoti ya runinga chagua namba hiyohiyo. Zile nyaya tatu za rangi zirudishe ndani ya boksi.

Fungua mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya picha, na uweke 1080. Ving'amuzi vingine hutoka kiwandani vikiwa kwenye 576 au 720, na hakuna anayekwambia. Uwiano wa picha uwe 16:9. Ukiona watu wamenenepa au wamerefuka, hapo ndipo tatizo lilipo.

Upande wa runinga kuna mambo mawili. Kwanza, runinga nyingi hukata kingo za picha na kuivuta ijaze kioo. Tafuta mpangilio unaoonyesha picha yote kama ilivyo, jina lake hutofautiana kwa kila kampuni. Pili, zima ule ulainishaji wa mwendo unaofanya filamu zionekane kama zimerekodiwa harusini. Kwa mpira wengine huupenda, jaribu mwenyewe. Hali ya picha ya dukani, yenye rangi kali za kuumiza macho, ibadilishe iwe ya kawaida au ya sinema.

Namna ya kuhakiki: nenda kwenye chaneli ya HD na ubonyeze kitufe cha maelezo kwenye rimoti ya runinga. Nyingi huandika 1920x1080 pembeni kwa sekunde chache. Ikiandika 576, rudi nyuma kiungo kwa kiungo.

Kwa wanaotumia intaneti

Sisi wa Mombasa tuna bahati ambayo hatuisemi: nyaya za baharini zilizoileta intaneti ya kasi nchini, SEACOM na TEAMS, zilifika nchi kavu hapahapa kwetu mwaka 2009. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080 na 15 kwa 4K. Kwa hesabu ya kawaida, megabiti 5 kwa saa nzima ni gigabaiti 2 na robo. Kwa bando la simu mechi moja na nyongeza zake inakula gigabaiti zaidi ya 4, basi anayetazama kila siku atafute faiba.

Usilaumu kampuni kabla ya kupima kasi ukiwa umekaa pale ilipo runinga. Ukuta wa matumbawe huimeza Wi-Fi, hasa ile ya gigahezi 5. Ukiweza, vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi runinga. Ni kazi ya alasiri moja na inamaliza ugomvi.

Stima

Weka kile kifaa cha kulinda runinga kati ya soketi na vifaa vyako. Stima ikikatika na kurudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo, na kifaa hicho hungoja itulie karibu na volti 240 ndipo kiruhusu. Radi ikianza, chomoa soketi na waya wa dishi vyote viwili, kwa sababu radi hushuka pia kwa njia ya paa.

Ratiba ya mwaka

Mwezi wa tatu, kabla ya masika na kabla kusi haijaanza kuvuma, panda juu. Tikisa mlingoti, kaza, angalia tepu kama imepasuka, futa chumvi kwenye dishi na LNB kwa kitambaa na maji baridi yasiyo na sabuni kali. Andika namba ya ubora unayoiona siku hiyo kwenye karatasi uibandike nyuma ya king'amuzi. Mwezi wa kumi, kusi ikishapoa, panda tena ulinganishe namba. Ikiwa imeshuka, anza na konekta ya LNB kabla hujamwita mtu.

Na picha ikivurugika dakika chache mchana siku zilizo karibu na Machi 22 au Septemba 21, mvua hakuna na anga nyeupe, usiguse kitu. Siku hizo jua hupita nyuma ya setilaiti likalipofusha dishi: kwa DStv ni karibu saa saba kasorobo mchana, kwa Azam karibu saa tisa alasiri. Hujirudia siku mbili tatu, kisha huisha lenyewe. Mwaka jana jirani wa mama alilegeza bolti zote kwa ajili ya hilo, na ikabidi tuanze upya na pimamaji.